Soriasisi haiambukizi

Ule ujumbe unaozunguka kwenye magrupu, kwamba mwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye magamba, asipewe mkono wala taulo lake lisiguswe, si kweli. Hakuna kijidudu cha kuhama. Kinga ya mwili ndiyo inayoiharakisha ngozi: seli ambazo kwa kawaida huchukua takribani mwezi kukomaa hufika juu kwa siku chache tu, zikarundikana kuwa magamba meupe.

Watu huchanganya kwa sababu fangasi hufanana nayo, na fangasi kweli huambukiza. Tena soriasisi huweza kurithiwa, ikaonekana kwa ndugu wawili. Ukitaka uhakika, daktari wa ngozi hukwangua magamba kidogo na kuyatazama kwa darubini kutafuta fangasi.

Ukiupokea ujumbe huo tena, tafadhali usiusambaze. Anayeumia ni yule aliyenyoosha mkono ukaachwa hewani.