Maili moja kila upande: dhana potofu kuhusu ardhi ya reli

Simama penye reli ya zamani ya Kenya, ile ya Mombasa hadi Kisumu, pale Voi au Makindu. Ni nyembamba: mita moja kutoka chuma hadi chuma. Mtu mzima akiilalia kwa kuikatiza, kichwa juu ya chuma kimoja, magoti yatapita cha pili (usijaribu). Sasa geukia kilimani utembee hatua elfu mbili hivi. Rudi, uende nyingine elfu mbili upande wa pili. Mwaka 1897, eneo lote hilo ulilolikanyaga lilitangazwa na Waingereza kuwa ardhi ya reli.

Nimesikia watu wenye akili zao, hata walimu, wakiielezea habari hii visivyo. Haya ndiyo ninayoyasikia mara nyingi.

"Walichukua njia ya kupitisha treni tu."

Tuta, mataruma, mtaro wa maji na nafasi ya mafundi kupita havihitaji hata mita mia. Arthur Hardinge, kamishna wa Uingereza aliyetawala hapa, alitwaa maili moja kila upande, nje ya ule ukanda wa pwani wa maili kumi uliohesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar. Piga hesabu: kila maili ya reli ilikwenda na maili mbili za mraba, yaani ekari 1,280. Ni kweli injini za wakati ule zilikula kuni kama moto wa msitu, na stesheni zilihitaji maji na nyumba za wafanyakazi. Lakini ekari 1,280 si za kuni. Ardhi iliyo karibu na reli ndiyo yenye bei, na aliyeishika aliishika kabla bei haijajulikana.

"Ilikuwa nyika tupu, haina mwenyewe."

Wapimaji walipopita, sehemu nyingi zilionekana tupu kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa mifugo, ilifagia ng'ombe wa Wamaasai na wa majirani zao, ndui ikafuata, na njaa ya 1897 hadi 1899 ikawamaliza watu Ukambani na Ugikuyuni reli yenyewe ikiwa inajengwa. Aliyenusurika alikuwa amehamia kwa ndugu au kwa watani, akingoja mvua. Mfugaji naye huacha malisho ya masika yapumzike, kisha huyarudia. Mwenye nyumba akienda kulazwa hospitali, mlango uliofungwa hauifanyi nyumba kuwa ya mpita njia.

Na kule reli ilikokuta watu wazima na silaha zao, neno "tupu" halikutajwa. Wanandi walipigana nayo miaka kadhaa, wakikata nyaya za simu na kung'oa vyuma. Baada ya kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, kuuawa Oktoba 1905, walisukumwa mbali na njia ya treni.

"Waingereza walishatangaza himaya mwaka 1895, kwa hiyo ardhi ilikuwa yao kisheria."

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo watu wengi wanapopita mbio. Himaya si koloni. Katika himaya, kwa sheria yao wenyewe, Malkia alikuwa mlinzi. Ulinzi haukumpa umiliki wa udongo. Wanasheria wa London waliliona hilo na likawakera. Utatwaaje kitu ambacho sheria yako inakwambia si chako?

Jibu lilitoka India. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya huko, ya mwaka 1894, ilisafirishwa hadi Afrika Mashariki, kama ilivyosafirishwa rupia na kama walivyosafirishwa mafundi. Sheria hiyo iliiruhusu serikali kutwaa ardhi ya mtu kwa matumizi ya umma. Na ni kitu gani cha umma kuliko reli? Ndiyo maana nasema reli ilikuwa ufunguo kabla ya kuwa usafiri.

Mlango ulipofunguka haukufungwa tena. Mwaka 1901 ikatoka Amri ya Mfalme katika Baraza, iliyoeleza Ardhi ya Taji kuwa ni ardhi zote za umma zilizo chini ya mamlaka ya Mfalme kwa mikataba au kwa himaya, pamoja na zote zilizotwaliwa, au zitakazotwaliwa, kwa sheria ile ya 1894. Mwaka uliofuata Sheria ya Ardhi ya Taji ikaanza kuigawa kwa walowezi. Ya 1915 ikaongeza muda wa kukodi hadi miaka 999, na safari hii ikaingiza ndani ya Ardhi ya Taji hata ardhi waliyokuwa wakiishi wenyeji. Neno "umma" lilikuwepo tangu mwanzo, ila huo umma haukuwa na Mkamba wala Mmaasai ndani yake.

"Reli ilijengwa kwa ajili ya masetla."

Kinyume chake. Ilipoanza Mombasa mwaka 1896, macho yalikuwa Uganda na chanzo cha Mto Nile. Ilipofika Kisumu, Desemba 1901, ilikuwa imekula zaidi ya pauni milioni tano za walipa kodi wa Uingereza na haikuwa na mzigo wa kubeba. Kamishna Charles Eliot ndipo akasema waletwe wakulima wa Kizungu walime, wasafirishe, reli ijilipe. Mwaka 1903 mlowezi wa Kiingereza, Lord Delamere, akapewa ekari 100,000 Njoro, karibu na reli.

"Wahindi waliojenga walilipwa kwa mashamba."

Waliletwa karibu 32,000, wakafa karibu 2,500, na wengi wa waliosalia wakarudi kwao mikataba ilipoisha. Wachache walipewa mashamba Kibos, jirani na Kisumu, kwenye joto. Nyanda za juu zilifungwa kwao, na mwaka 1908 waziri wa makoloni, Lord Elgin, aliliweka hilo kwa maandishi.

"Hayo ni ya Kenya, Tanganyika ilikuwa tofauti."

Wajerumani walitangulia: amri yao ya Novemba 1895 iliifanya kila ardhi "isiyo na mwenyewe" kuwa mali ya dola yao. Waingereza walipoingia, sheria ya 1923 ikaita ardhi yote, inayokaliwa na isiyokaliwa, ardhi ya umma. Barabara nazo zikapata sheria yao mwaka 1932. Anayedhani hayo ni makaratasi ya makumbusho aende Kimara, Dar es Salaam. Mwaka 2017 nyumba zilivunjwa kando ya Barabara ya Morogoro kwa hoja kwamba hifadhi ya barabara pale ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati, na sheria iliyotajwa kuwa mzizi wa hoja hiyo ilikuwa ile ya 1932. Watu waliokuwa na bili za maji na umeme waliamka wakakuta X nyekundu ukutani.

"Wamaasai walikubali wenyewe, mbona walitia saini?"

Walitia saini, Agosti 1904, kiongozi wao Olonana na wenzake mbele ya Kamishna Donald Stewart. Mkataba uliwaondoa Bonde la Ufa kwenda Laikipia na kusini, na sababu imeandikwa waziwazi humo: wakae mbali na njia ya reli na mbali na ardhi itakayofunguliwa kwa masetla. Ungedumu, ukasema, muda wote Wamaasai watakapokuwapo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukawatoa Laikipia.

Wakaenda mahakamani. Mwaka 1913 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilijibu kwamba mikataba ile ni ya dola kwa dola, kwa hiyo haiwezi kusikilizwa katika mahakama ya kawaida. Watu ambao mwaka 1897 hawakuonekana kuwa na ardhi hata ya kupitishia reli, sasa walikuwa taifa lenye mamlaka yake, na kwa sababu hiyo hiyo kesi yao ikatupwa.