Je, wajua asidi amino hupitaje ndani ya jani la sukuma wiki?

Muulize mwanafunzi yeyote wa sekondari hapa Nairobi virutubisho hupitaje kwenye seli ya mmea, na jibu litakuja kabla hujamaliza swali: osmosisi. Siyo. Osmosisi ni habari ya maji tu. Hata ukisema vitu husambaa vyenyewe kutoka penye wingi hadi penye uchache, bado hujafika, angalau kwa asidi amino, vile vijenzi 20 vya protini. Molekuli hizi zina chaji chanya upande mmoja na hasi upande wa pili, ilhali kiini cha utando wa seli ni mafuta. Chaji na mafuta haviivi chungu kimoja. Oksijeni hupenya bila kuulizwa. Asidi amino lazima ibishe hodi.

Tena hodi si moja. Ndani ya seli mna vyumba: kloroplasti inayonasa mwanga wa jua, mitokondria inayozalisha nishati, peroksisomu (kijichumba cha shughuli za kemikali), na vakuoli, ghala la maji na akiba, ambayo katika seli iliyokomaa yaweza kuchukua zaidi ya robo tatu ya nafasi yote. Fenilalanini, mojawapo ya asidi amino, kwa mfano, hutengenezwa zaidi kwenye kloroplasti, lakini protini nyingi za seli huundwa nje yake. Sharti itolewe.

Mlango wenyewe ni protini, na hufanya kazi kama ile milango pacha ya benki za katikati ya jiji: unaingia wa kwanza, unafungwa nyuma yako, ndipo wa pili unafunguka. Yote miwili haiwi wazi kwa pamoja. Protini hufunguka nje, hushika asidi amino, hujikunja, kisha hufunguka ndani. Ila hapa, kwa milango mingi, mteja haingii peke yake; huandamana na protoni, yaani chembe ndogo ya hidrojeni yenye chaji chanya. Seli hutumia nishati kusukuma protoni nje, na hizo zinapong'ang'ania kurudi, huja na asidi amino. Vakuoli nayo hujazwa protoni: pH yake (kipimo cha uasidi; ikiwa chini, protoni ni nyingi) ni kama 5.5, ya saitoplazimu, yaani ute unaoizunguka, kama 7.5. Tofauti hiyo ya 2 inaonekana ndogo, kumbe ni protoni mara 100. (Si milango yote inayotegemea protoni; mingine huachia tu mzigo uteremke kutoka penye wingi hadi penye uchache.)

Mlango wa kwanza wa aina hii kwenye mimea ulibainishwa mwaka 1993 kwa msaada wa hamira. Watafiti walichukua hamira isiyoweza kujivutia asidi amino fulani, wakaipandikizia jeni za Arabidopsis, kigugu cha ukoo mmoja na sukuma wiki, wakatazama ipi itakua: iliyokua ndiyo iliyopata jeni ya mlango.

Safari ya ajabu zaidi ni ya glisini, asidi amino nyingine. Jua likiwa kali, kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kemikali) cha kunasa kaboni dioksidi hukosea na kunasa oksijeni. Kulirekebisha kosa hilo, glisini hutoka peroksisomu hadi mitokondria, mbili huungana kuwa serini moja, asidi amino nyingine, kaboni dioksidi na amonia hutolewa njiani, kisha serini hurudishwa ilikotoka glisini. Mlango wa glisini kwenye mitokondria unajulikana zaidi kwa kazi yake kuliko kwa protini yenyewe. Mahindi yaliyo shamba hilohilo huponea chupuchupu: hukusanya kaboni dioksidi karibu na kimeng'enya hicho, na kosa lenyewe hutokea kwa nadra.