Je, wajua? Kompyuta haiuoni mshipa wa damu kwa weupe wake tu

Ukitazama picha ya CT (eksirei za pembe nyingi zinazounganishwa na kompyuta) ya mishipa ni rahisi kudhani kazi ni nyepesi: mgonjwa kachomwa dawa yenye iodini, damu imeng'aa, basi programu inazoa penye weupe na kuacha pengine. Sivyo. Damu ya kawaida husoma kama 40 kwenye kipimo cha Hounsfield, yaani kipimo cha weupe wa picha za CT, na yenye dawa hufika 300 au zaidi. Lakini mfupa nao umo humo humo, na chokaa iliyoganda kwenye ukuta wa ateri huipita damu kwa weupe. Zoa weupe tu pale ateri ya shingo inapopenya fuvu, utapata donge moja la mfupa na mshipa. Ukipandisha kiwango cha chini cha weupe ili mfupa utoke, ule mgumu hubaki, na ateri nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, kwa sababu hugawana chembe ya picha (kijisanduku kidogo kabisa kinachounda picha) na nyama ya pembeni, weupe ukafifia.

Kinachosaidia ni umbo. Simama juu ya tuta la viazi: ukilifuata kwa urefu hupandi wala hushuki, ukikata kando, unashuka papo hapo. Mwaka 1998 mtafiti Alejandro Frangi na wenzake walichapisha kichujio kinachopima jambo hilo kwenye kila chembe: weupe unajipinda kiasi gani katika pande tatu? Kwenye mshipa, mpindo mmoja hukaribia sifuri na miwili huwa mikubwa. Kwenye bamba la mfupa, mkubwa ni mmoja tu. Kwenye donge, yote mitatu. Picha hulainishwa kwanza, kidogo kwa vijishipa, zaidi kwa ateri kubwa, na jibu la kichujio lenye nguvu kuliko yote ndilo hubaki.

Mshipa unapogawanyika panda, hata hivyo, si bomba tena. Jibu hushuka na ramani hukatika. La ajabu zaidi, ateri iliyofura kama puto, ambayo daktari anaihitaji kuliko zote, nayo ni donge, hivyo kichujio huififisha.

Mitandao ya neva ya kompyuta, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, kama U-Net ya 2015, hujifunza kutoka picha ambazo wataalamu wamezichorea mishipa, na mara nyingi huziweza panda vizuri zaidi. Ila alama za kuipima mitandao hiyo kwa kawaida huhesabu chembe zilizolingana na mchoro wa wataalamu: pengo la chembe mbili huzigusa alama hizo kidogo mno, ilhali mshipa umekatika.

Kipenyo nacho hakisamehe. Ateri ya milimita 2, kwa chembe za milimita 0.5, ikipunjwa chembe moja kila upande hubaki milimita 1. Kwa hesabu ya mtiririko tulivu ndani ya bomba, shinikizo likiwa lile lile, bomba hilo hupitisha sehemu 1 kati ya 16 ya damu.