"Ina asilimia ngapi?"

Wiki mbili zilizopita nimeulizwa tena. Jamaa anajenga kusini mwa Edmonton, Kanada. Kaniwekea mezani vipeperushi viwili vya HRV, mashine inayotoa hewa chafu ya ndani na kuingiza safi ya nje huku joto la inayotoka likipewa inayoingia, na kidole chake kiko juu ya namba moja tu, ya joto linalorudishwa: "Fundi, hii ina asilimia 84, hii 75. Si tuchukue ya 84 yaishe?" Nikamuuliza mchoro wa mabomba ya hewa uko wapi. Hana. Mjenzi kamwambia yatapitishwa tu wakifika hapo. Nyumba ya watoto wanne, na njia za hewa zitapitishwa tu, kama waya wa antena.

Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii hakuna dhana inayonichosha kama hiyo, kwamba ukinunua asilimia kubwa umenunua hewa safi na bili ndogo.

Namba yenyewe si ya uongo. Imepimwa maabara, hewa inayoingia na inayotoka zikiwa sawasawa, na mara nyingi ile iliyochapwa kwa wino mkubwa ni ya siku ambayo nje kuna nyuzi 0. Januari huku, nyuzi 0 ni siku ya kutoka bila kofia. Orodha ya HVI, taasisi inayothibitisha vipimo vya mashine za hewa, huonyesha mashine za nchi za baridi zimepimwa pia kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, na mstari huo ndio wa kusoma. Namba yake ni ndogo zaidi, kwani kwenye baridi kali mashine hutumia sehemu ya muda wake kuyeyusha barafu iliyojijenga tumboni mwake. Angalia na kasi ya hewa iliyoandikwa hapohapo: mashine ileile ukiikimbiza, joto inalorudisha linapungua, maana hewa inapita kwenye kiini, pale zinapopishana inayoingia na inayotoka, kabla haijawahi kupokezana joto vya kutosha.

Sasa chukua hiyo ya 84 uifunge ovyo. Inatoa lita 45 kwa sekunde lakini inaingiza 30, kwa sababu bomba la kuingizia limebanwa mahali. Zile 15 zilizopungua zinatoka wapi? Nyumba inazivuta kwenye nyufa za milango, soketi za umeme, popote penye upenyo, na hewa hiyo haikupita kwenye mashine. Nje kukiwa nyuzi 25 chini ya sifuri na ndani 21, kuipasha joto kunakula zaidi ya wati 800, usiku na mchana. Yule wa 75 aliyesawazishiwa vizuri anakucheka. Ikiwa kinyume, yaani inaingia nyingi kuliko inayotoka, ni balaa zaidi: hewa yenye unyevu inasukumwa ndani ya kuta na darini, inaganda huko, na theluji ikianza kuyeyuka mwenye nyumba ananipigia simu kwamba paa linavuja. Paa ni zima.

Niliitwa kwenye nyumba isiyofikisha miaka miwili, chumba cha watoto kuna ukungu mweusi nyuma ya kitanda. Mashine nzuri, ya bei, inanguruma vizuri kabisa. Nikaweka karatasi ya chooni kwenye tundu la hewa la chumba kile: haikutikisika hata kidogo. Bomba laini la kukunjika lilikuwa limepindishwa chini ya boriti mpaka likafungana, kisha likafunikwa na jipsamu. Tulivunja dari.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, na wateja wangu wamechoka kunisikia: mchoro wa mabomba kwanza, mashine baadaye. Mabomba magumu ya bati kila inapowezekana, yale laini yawe vipande vifupi tu. Mabomba mawili yanayokwenda nje yavalishwe kihami joto, na gamba lake la nje lisiwe na tundu, la sivyo yatatoka jasho na kudondosha maji. Piga picha kila kitu kabla jipsamu haijapanda. Na mkataba ukisema mashine "itafungwa" bila kusema "itasawazishwa", usimalize kulipa. Dai karatasi yenye lita zinazoingia na lita zinazotoka. Zikipishana zaidi ya asilimia 10, fundi arudi.

Mengine ninayoambiwa, nayajibu kwa haraka.

"Chukua kubwa zaidi, familia yetu ni kubwa." Hapana. Kiwango cha Kanada cha hewa ya nyumbani, F326, kinahesabu chumba kwa chumba: lita 10 kwa sekunde kwa chumba kikuu cha kulala na kwa besimenti (ghorofa ya chini ya ardhi), 5 kwa kila chumba kingine. Jumlisha. Ukizidisha sana, wakati wa baridi nyumba inakauka mpaka pua zinatoka damu.

"Inapasha nyumba joto." Haipashi, inapunguza hasara tu. Ikirudisha robo tatu ya joto siku ya nyuzi 25 chini ya sifuri, hewa inayoingia bado ina nyuzi 9 na kitu. Ndiyo maana tundu lake halikai juu ya mto wa mtu.

"ERV ni bora kuliko HRV." Kwa nani? ERV ni ndugu wa HRV, ila hurudisha na sehemu ya unyevu. Wawili katika nyumba kubwa, sawa, itawafaa. Watu saba, maharage jikoni kila siku na nguo zinaanikwa ndani? HRV, tena upesi.

"Nitafungua dirisha." Mwezi Mei, karibu. Kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri utalifungua dakika mbili, kisha utalifunga wiki tatu, na vioo vitatiririka maji.

"Ni mambo mapya, hayajathibitika." Nyumba ya majaribio ya Regina, Saskatchewan, ilikuwa na kifaa cha aina hii mwaka 1977, na haikuwa hata na tanuri la kupashia joto.

"Tuunganishe na kofia ya jiko, tuokoe tundu moja." Mafuta ya kukaangia ndani ya kiini! Kofia ya jiko, ile inayovuta moshi juu ya jiko, ina bomba lake. Mashine ya kukaushia nguo nayo ina lake.

Chujio, kila miezi mitatu. Andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito, usiiamini kumbukumbu yako.

Jamaa wa 84 alirudi juzi na mchoro. Bomba la chumba cha watoto lilikuwa linaishia ndani ya kabati la nguo.