Je, wajua kwa nini chemchemi ya chokaa hufurika kwanza, ndipo ichafuke?

Aliyezoea kuogelea Chemka, kule wilayani Hai, huona maji maangavu masika na kiangazi, akadhani chemchemi zote ndivyo zilivyo. Chemka hulishwa na maji yanayopenya taratibu kwenye lava ya Kilimanjaro. (Na maji mengi ya chemchemi za mlima huo hutokana na mvua ya ukanda wa msitu, si barafu ya Kibo kama isemwavyo vijiweni.) Miamba ya chokaa, kama ile ya mapango ya Amboni, Tanga, ina tabia nyingine kabisa.

Mvua ikipita kwenye udongo hubeba kabonidayoksaidi, ikawa asidi hafifu. Asidi hiyo huila chokaa kwa maelfu ya miaka hadi ufa mwembamba kama unywele unakuwa mfereji wa kupita mtu. Humo maji huweza kwenda mamia ya mita kwa siku, hata kilomita kadhaa. Kwenye mchanga laini, mita moja kwa siku ni nyingi.

Fikiria mpira wa kumwagilia uliojaa maji tangu jana: ukifungua bomba, yanayotoka kwanza ni ya jana. Vivyo hivyo mvua kubwa huyasukuma maji ya zamani yaliyolala mferejini, na chemchemi hupanda ndani ya saa chache ingali safi. Tope na vijidudu vya kinyesi cha mifugo hufuata nyuma, pengine maji yakiwa yameshaanza kupungua. Hapo ndipo watu hukosea: wanaona mafuriko yamekwisha, wanachota. Klorini nayo hufanya kazi vibaya kwenye tope. Maji yatuame na kuchujwa kwanza.

Msimu nao una neno. Mvua ya kwanza ya vuli hunyonywa na udongo mkavu, chemchemi isishtuke, isipokuwa penye shimo linalomeza kijito kizima. Mvua ya kiasi kilekile ikinyesha Aprili, udongo umeshashiba, huifurisha.

Kupima mtiririko wa chemchemi ndogo, kinga ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 8, hizo ni lita 2.5 kwa sekunde. Rudia mara tatu, uchukue wastani. Siku ya mvua pima kila saa, kwani kilele huweza kupita usiku watu wamelala. Pima na joto: likibadilika ghafla, maji ya mvua mpya yameshafika, hata kama bado yanang'aa.