Pepo mwenye miguu minne

Nyuma ya mlango wa stoo yangu umesimama ubao wa mbili kwa nne, urefu wa futi nane, wenye tundu moja katikati. Ncha zake zimekuwa nyeusi kwa jasho la mikono. Kwenye tundu hilo hufungwa kamera kwa skrubu moja nene. Ikishakazwa, watu wawili wanashika ncha, mmoja kushoto na mmoja kulia, wanainama mpaka ubao unakuwa usawa wa ugoko, na wanakimbia. Huyo ndiye pepo wangu. Sikumbuni mimi. Nilimchukua kwa vijana wa Michigan waliokwenda kupiga filamu ya mashetani porini Tennessee mwaka 1979.

Mimi ni mpiga picha wa filamu, makao yangu Tanga. Kila mwaka hunijia vijana wenye mswada wa filamu ya kutisha na mfuko mtupu, na swali lao ni moja: “Kaka, pepo tutamtengenezaje na hela hatuna?” Wanawaza kinyago cha mpira, macho mekundu ya kompyuta, moshi wa kukodi. Huwa nawaketisha, nawawekea mwanzo wa The Evil Dead, halafu nautoa ubao.

Sam Raimi, mwongozaji wa filamu hiyo, alikuwa na miaka 20 walipoanza kupiga. Mtayarishaji alikuwa Rob Tapert, na mhusika mkuu, Ash, akachezwa na Bruce Campbell, rafiki wa Raimi tangu shuleni. Hawakuwa na studio wala jina. Mwaka 1978 walipiga filamu fupi ya nusu saa hivi, Within the Woods, kwa Super 8, ule mkanda mwembamba wa milimita 8, na dola kama 1,600, wakawa wanawaonyesha mawakili, wafanyabiashara na jamaa zao ili wachangie filamu kamili. Zilipopatikana takribani dola 90,000, wakaondoka. Hadi filamu inakamilika, gharama zilishapanda kufikia karibu dola 375,000 kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, nazo zilitafutwa kidogo kidogo njiani. Kwa Hollywood ya wakati ule, hiyo haikuwa bajeti ya kumfanya mtu asimamishe gari.

Kisa ni chepesi. Vijana watano wanakwenda kulala kwenye nyumba ya mbao msituni. Wanakuta kitabu kilichojalidiwa kwa ngozi ya binadamu, pamoja na kinasa sauti. Wanaicheza tepu, sauti ya msomi inasoma maneno ya kale, na kilicholala msituni kinaamka. Mmoja baada ya mwingine wanapandwa.

Nyumba yenyewe waliipata karibu na Morristown, mji mdogo mashariki mwa Tennessee. Ilikuwa imetelekezwa, haina umeme wala maji. Walianza Novemba 1979 na Januari 1980 bado walikuwa huko, katikati ya baridi kali, na mwishoni walikuwa wanachoma samani ili wapate joto. Hata chumba cha chini ya sakafu, kile kinachotisha kuliko vyote, hakikuwepo pale. Picha za ndani yake zilipigwa kwenye nyumba ya shamba kule Michigan.

Sasa njoo kwenye ubao. Steadicam, ile mashine ya kuvaa mwilini inayomeza mtikisiko, ilikuwa imeshaanza kutumika tangu katikati ya miaka ya 1970, lakini ilikuwa mbali mno na mfuko wao. Wakafunga kamera kwenye kipande cha mbao.

Ukishika kamera mkononi ukakimbia, kila hatua inaipindua: inalalia kushoto, inalalia kulia, inainama. Kupinduka huko ndiko kunakomnong’oneza mtazamaji kwamba hapa kuna mtu. Ifunge katikati ya ubao mrefu uliobebwa kimkingamo, na mambo yanabadilika. Kitu kirefu ni kigumu kukizungusha. Mkimbiaji wa kushoto akiingia shimoni, ncha yake inashuka inchi mbili, lakini katikati panashuka moja tu, kwa sababu wa kulia hakuingia shimoni pamoja naye. Hatua zao zinafutana. Weka lenzi pana, na mtikisiko mdogo uliobaki hauonekani tena. Kinachosalia ni mwendo wa kitu kisicho na miguu, kinachoteleza juu ya majani na kuzidi kasi bila kuchoka.

Hapa lugha yetu hunisaidia kuliko darasa lolote la filamu nililowahi kukaa. Upepo mmoja, pepo nyingi. Na kile kinachompanda mtu nacho ni pepo. Neno lile lile. Upepo huuoni, unaona mnazi umeinama. Ndivyo ilivyo katika filamu hii. Kile kinachotoka msituni hatuonyeshwi hata mara moja, tangu mwanzo hadi mwisho. Tunaonyeshwa kinavyoona, na matawi yanavyokipisha njia. Mtazamaji anajikuta amekalishwa ndani ya macho ya pepo, anakimbilia nyumba ambayo anawahurumia waliomo, na hana breki. Nimeitazama mara nyingi sana na bado jambo hilo hunikaba. Nadhani wangekuwa na hela wangetengeneza joka la mpira, na leo tusingekuwa tunawazungumzia.

Mara yangu ya kwanza kujaribu ilikuwa kwenye shamba la michungwa Muheza, saa kumi na mbili kasoro jioni, mvua imetoka kunyesha. Kushoto nilimweka mpwa wangu, kijana mrefu. Kulia nikashika mwenyewe. Tulipotazama picha, shamba zima lilikuwa limelalia upande wangu kama mashua inayozama. Kimo chetu kilikuwa kimepishana kwa shibiri nzima, na ubao haudanganyi. Tukamtafuta kijana wa kimo chake, mimi nikabaki kutazama. Hapo likaja tatizo la pili: mmoja alikuwa mwepesi kuliko mwenzake, kwa hiyo kila baada ya hatua kumi kamera iligeuza uso kama mtu aliyeitwa. Dawa ilikuwa kuhesabu kwa sauti, moja mbili, moja mbili, kama wapiga makasia. Sauti ya kamera nilijua nitaitupa tu.

Mkimbio wa kumi na moja ndio uliotoka. Majani yaliyolowa yanalala mbele ya lenzi, machungwa mawili yaliyodondoka yanapita karibu mno, makubwa, kama vichwa vinavyogeuka, halafu mlango wa kibanda cha mlinzi unakuja wote mzima. Sekunde tisa. Nilikaa chini kwenye tope nikaitazama tena na tena mpaka betri ikaisha.

Kwa wanaotaka vipimo: ubao wa futi nane unataka njia ya futi kumi iliyosafishwa miiba na visiki, na uipite kwa miguu mara tatu kabla ya kukimbia. Kwa kamera inayokuruhusu, piga fremu (picha moja moja) 18 kwa sekunde badala ya 24. Ukiirudisha kwenye 24, kasi inaongezeka kwa theluthi moja, na hakuna mkimbiaji aliyelazimika kuvunjika mguu. Usizidishe. Zaidi ya hapo majani huanza kuchezacheza kama katuni, na pepo anakufa.

Picha peke yake ni nusu ya pepo. Nusu nyingine ni sauti. Kwenye The Evil Dead msitu unaguna kwa chini, halafu nyuzi za muziki wa Joseph LoDuca zinakuja juu yake. Kwa ajili ya Muheza nilipumua ndani ya bomba la plastiki la maji, nikaipunguza kasi sauti hiyo mpaka ikawa nzito, nikaichanganya na upepo wa kweli wa minazi ya ufukweni. Mama yangu alipoisikia kutoka chumba cha pili alikuja kuuliza nani anaumwa.

Miili ya waliopandwa ndiyo iliyowatesa waigizaji. Lenzi nyeupe za macho zilikuwa nene, zinafunika jicho zima. Aliyezivaa haoni kitu, na hakuweza kukaa nazo zaidi ya robo saa hivi. Damu ilikuwa sharubati ya mahindi na rangi nyekundu ya chakula, pamoja na krimu ya unga ya kutilia kahawa. Krimu ndiyo siri yake, kwa kuwa bila kitu cheupe ndani yake sharubati inapitisha mwanga na kuonekana kama juisi. Mimi hutumia sukari iliyochemshwa na maziwa ya unga, na kazi inafanyika. Ila ujue inavyonata. Campbell amesimulia kwamba shati lake liliwahi kulowa damu hiyo, likaanikwa karibu na moto, na alipotaka kulivaa likavunjika.

Muda ulipopitiliza, waigizaji wengi wakaondoka kabla kazi haijaisha, na waliobaki wakawa wanavaa nguo za walioondoka na kuchezeshwa kwa mgongo, kwa mkono, kwa mguu. Raimi na wenzake wakawaita hao kwa jina la mchekeshaji Shemp Howard, ambaye baada ya kifo chake mwaka 1955 filamu zake zilimaliziwa na mtu mwingine aliyepigwa kwa nyuma. Kwa filamu ya kawaida hilo ni balaa. Kwa filamu ya waliopandwa linaingia lenyewe, kwani mwili uliopandwa si wa mwenyewe tena. Kwetu pwani aliyepandwa anaitwa kiti. Pepo amekaa, na kiti kinaweza kuwa chochote.

Lakini hapo hapo ndipo filamu hii inapoachana na sisi, na kijana anayeandika mswada wake Tanga au Lamu inafaa apajue. Kwenye ngoma ya pepo mganga huzungumza na aliyekaa. Anamuuliza jina, anamuuliza anataka nini, na pepo anajibu: anataka ubani, nguo nyekundu, pete. Kuna masharti na kuna maelewano. Mashetani ya Tennessee hayana cha kupewa. Yanacheka, yanaimba kitoto, na njia pekee ya kuyatuliza inayotajwa kwenye tepu ni kuukatakata mwili wa mtu uliyempenda. Ukibandika jambo hilo kwenye kisa cha pwani bila kufikiri, bibi yeyote aliyekaa ukumbini atauliza mbona hakuna aliyemuuliza jina, na atakuwa na haki.

Kuna pia tukio la miti kumdhalilisha msichana, ambalo siwaonyeshi wanafunzi wangu. Halina kazi yoyote pale, na Raimi mwenyewe baadaye alisema anajutia.

Baada ya hapo ni safari ndefu kidogo. Mkanda wa milimita 16 ulikuzwa kuwa wa 35, ule wa kumbi za sinema. Edna Ruth Paul akahariri, msaidizi wake akiwa Joel Coen, ambaye baadaye yeye na ndugu yake walitafuta mtaji wa filamu yao ya kwanza kwa njia ile ile ya kupiga kionjo na kukizungusha. Ilionyeshwa mara ya kwanza Detroit, ukumbi wa Redford, tarehe 15 Oktoba 1981. Stephen King, mwandishi wa hadithi za kutisha, aliiona kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1982 na akaisifu kwa maandishi, na sifa hizo ndizo zilizofungua milango. Uingereza, kanda zake ziliingizwa kwenye orodha ya video chafu na kuandamwa mahakamani.

Nyumba ya Morristown iliungua baadaye. Picha yake ya mwisho kwenye filamu ndiyo ninayoirudia nikifundisha. Kumekucha, Ash ametoka nje amelowa damu, anadhani yamekwisha. Nyuma ya nyumba, chini kabisa kwenye majani makavu, pepo anainuka. Anaingia kwa mlango wa nyuma, anapita vyumba vyote kwa mkupuo mmoja, anatokea mbele. Ash anageuka, mdomo wazi, uso unajaa skrini, na picha inakatika.