Sanamu ya mnyama si turubai

Msanii akialikwa kupamba sanamu ya mnyama kwa ajili ya maonyesho ya mtaani, mara nyingi huja na mchoro uliokamilika kwenye karatasi. Mchoro ni mzuri, lakini karatasi ni bapa. Ukihamishiwa ubavuni mwa ng'ombe wa faibaglasi, uso wa bibi uliochorwa kwa uangalifu unavimba shavu moja, na kidevu kinaishia chini ya tumbo asikokiona mtu.

Mimi ndiye ninayeandaa sanamu hizi kabla ya wasanii kuzigusa, na ndiye ninayezipiga vanishi wakishamaliza. Ninachowaomba ni kimoja: mzunguke mnyama kwanza. Mpige picha pande zote, chora juu ya picha hizo, kisha ndipo ushike brashi. Jiji la Zurich, Uswisi, lilipotandaza sanamu zake za ng'ombe mitaani mwaka 1998, mchongaji Pascal Knapp alikuwa ametengeneza maumbo matatu: aliyesimama, anayelisha na aliyelala. Chicago iliyafuata mwaka 1999 kwa ng'ombe zaidi ya 300. Maumbo matatu tu, lakini kila moja linamtaka msanii afikiri upya. Aliyelala anatazamwa kutoka juu, kwa hiyo mgongo ndio ukurasa wake mkuu. Anayelisha ameinamisha kichwa, na chochote utakachochora usoni kitaonwa na watoto kuliko watu wazima.

Sasa maandalizi, ambako kazi nyingi huharibikia. Faibaglasi hutoka kwenye kalibu, yaani umbo inamomiminwa, ikiwa na mabaki ya nta iliyopakwa ili isigande humo. Nta hiyo ioshwe kabla ya msasa. Ukianza na msasa unaisugulia ndani ya mikwaruzo, na rangi itakuja kubanduka vipande vipande. Baada ya kuosha, sugua mpaka mng'ao wote ufe, huku umevaa barakoa, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu na linawasha ngozi vibaya sana. Kisha praima, yaani rangi ya msingi. Akriliki ya maji inatosha juu yake, katika tabaka nyembamba, kila moja ikauke kabla ya inayofuata.

Kalamu za wino usiofutika ni balaa. Mistari yake inapendeza mpaka vanishi ya kutengenezea magari iipitie, hapo kiyeyushi kinaufumua wino na mstari unatawanyika. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao. Rangi za neoni, zile zinazong'aa kupita kiasi, nazo hufifia upesi juani hata chini ya vanishi yenye kinga ya miale, kwa hiyo usizikabidhi sehemu muhimu ya picha.

Shanga na vipande vya vioo? Navipenda, ila viwe juu, mbali na mikono. Chochote kilichobandikwa usawa wa mtoto kitang'olewa, na kioo kilichovunjika kitamkata. Watoto watampanda mnyama huyu hata ukiweka bango la kukataza. Mgongo ndio unaochakaa kwanza, hivyo huko naongeza koti moja la vanishi.

Msanii akiondoka namwomba aniachie chupa ndogo ya kila rangi aliyochanganya, iandikwe ilipotumika. Mchubuko wa kwanza hutokea sanamu ingali kwenye lori.